Si matope yanayoua filtre zetu

Ukipita leo nyumba kwa nyumba hapa Katoto ukiuliza habari za filtre za maji, utajibiwa neno moja: ilikufa. Haikuibiwa, haikuanguka, haikuvunjika. Ilikufa tu. Mwanzoni bidoni moja ilijaa kabla sombe haijaiva. Baadaye maji yakaanza kutoka polepole, kisha yakawa matone, kisha hata matone yakakauka. Sasa filtre imelala kwenye pembe ya nyumba, na watu wamerudia maji ya mto au ya kisima jinsi yalivyochotwa.

Nimekuwa nikifuatilia jambo hili tangu masika iliyopita. Nimeuliza mama zetu pale wanapochota maji, nimeuliza wauguzi, nimeuliza mafundi wa pompi, na nimesoma kila andiko nililoweza kufungua kwenye simu wakati rezo inakubali. Majibu ya watu ni ya namna tatu. Wa kwanza wanasema ni matope ya masika. Wa pili wanasema filtre zilikuwa za bei ya chini, za uongo. Wa tatu wanasema: kama chombo cha wazungu kimeshindwa na maji yetu, basi tunywe tu kama mababu walivyokunywa. Hao wa tatu ni wengi kuliko ninavyopenda, na jibu lao ndilo lililonifanya niandike.

Kwetu Haut-Lomami jibu hilo ni la hatari. Jimbo letu ni kati ya majimbo ya Kongo ambamo kolera haiji kama mgeni bali inakaa kama mwenyeji, hasa upande wa mabwawa na maziwa ya Upemba: Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu. Treni inayotoka Lubumbashi hupita Bukama kabla ya kufika Kamina. Samaki wanasafiri, na watu wanaowauza wanasafiri pamoja nao. Mtu akishikwa na kolera kali na asipate maji ya chumvi na sukari wala serumu, anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo filtre iliyokufa si hasara ya chombo tu. Ni mlango wa nyumba ulioachwa wazi usiku.

Basi ni nini kinachoziua? Tuanze na matope, maana ndiyo yanayolaumiwa. Fanya jaribio dogo ambalo halihitaji franga hata moja. Wakati wa masika, chota maji ya mto kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utaona mchanga na udongo mwingi umekaa chini. Lakini maji ya juu mara nyingi hayatakuwa meupe. Yatakuwa na rangi kama chai iliyozidishiwa maji. Subiri siku mbili, subiri wiki, rangi itabaki palepale. Yapitishe kwenye kitambaa, rangi itapita. Matope yanaelea majini, kwa hiyo yakipewa muda yanashuka. Rangi hiyo haielei. Imeyeyuka.

Na kusema kweli ni chai. Majani yanayoanguka, nyasi zinazooza, mizizi, mafunjo ya mabwawa, na vijidudu vinavyoishi na kufa humo, vyote vinalowa na kuachia sehemu ya miili yao majini. Wataalamu wa maji huyaita mabaki asilia ya viumbe. Ndani yake kuna makundi mawili ambayo kila mwenye filtre anapaswa kuyajua. La kwanza ni asidi za mboji. Ndizo zinazotoa rangi ya chai, na hutokana zaidi na majani na miti, ambamo kuna tanini na lignini. Kundi la pili halina rangi. Ni protini na sukari zenye minyororo mirefu zinazotoka kwa vijidudu na kwa miani, ule utelezi unaousikia ukikanyaga jiwe la mtoni. Kundi hili huitwa biopolima. Mlishike vizuri, maana tutarudi kwake na litatushangaza.

Maji ya mito, ya maziwa na ya mabwawa karibu yote yana mabaki haya, machache au mengi. Nchi yetu inayo kuliko nyingi. Kule Mbandaka, mto Ruki unaingia katika mto Kongo ukiwa mweusi hivi kwamba mwaka 2023 watafiti wa chuo cha ETH cha Zürich, Uswisi, waliuweka kati ya mito myeusi kuliko yote duniani. Weusi huo si uchafu wa viwanda. Ni majani ya msitu na mboji ya mabwawa iliyolowa. Kwetu hatuna msitu kama wa Ikweta, lakini tuna dembo, tuna mafunjo, na tuna masika inayosafisha majani ya miezi mingi na kuyapeleka mtoni kwa siku chache. Chai hiyo yenyewe si sumu. Shida inaanza inapokutana na filtre.

Tuingie sasa ndani ya filtre. Ukiikata ile inayotumia utando, utakuta nyuzi nyeupe nyingi kama tambi nyembamba, na kila uzi una tundu katikati kama mrija. Ukuta wa mrija huo ndio membrani, yaani utando wa kuchujia. Umejaa vitundu ambavyo macho hayavioni. Katika filtre nyingi za nyumbani za aina hii, upana wa kitundu ni kati ya 0.02 na 0.1 ya mikromita, na mikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara 1000. Kijidudu cha kolera kina upana wa karibu nusu mikromita, na urefu wa moja hadi tatu. Kukipitisha hapo ni kama kumpitisha mbuzi kwenye tundu la panya. Ndiyo maana filtre nzima, isiyo na mpasuko, ni kinga ya kweli.

Asidi za mboji ni hadithi nyingine. Zenyewe ni ndogo kuliko vitundu vingi. Ungefikiri zote zingepita na kwenda zake. Nyingi hupita, na ndiyo sababu maji yaliyochujwa yanaweza kubaki na rangi kidogo ingawa vijidudu vimezuiwa. Lakini sehemu yake hugandama ukutani mwa kitundu. Tazama kikombe cha plastiki kinachonywewa chai kila siku: hata ukikisuuza, ndani kinabaki na rangi ya kahawia. Hakuna jani lililokwama pale. Chai yenyewe imeshikamana na plastiki. Ndivyo inavyokuwa ndani ya utando. Kila siku tabaka jipya jembamba, na tundu linapungua upana. Mtu haoni chochote ila anaona maji yanapungua mwendo.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kuziba. Njia ya pili ni vipande vikubwa zaidi kukaa mdomoni mwa kitundu kama kizibo cha chupa. Njia ya tatu ni ile ya biopolima: utelezi unajikusanya juu ya utando mzima na kuufunika kama uji uliomwagwa juu ya kichungi. Maji yanalazimika kupita kwanza kwenye uji huo kabla ya kuufikia utando. Na kama maji yana chokaa, mambo yanazidi kuwa mabaya. Molekuli za asidi za mboji zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana zenyewe kwa zenyewe. Kalsiamu iliyo katika chokaa ina chaji chanya mbili. Inashika molekuli moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono ule, na zile zilizokuwa zinakimbiana zinafungwa pamoja kuwa tabaka gumu juu ya utando.

Ukisukuma maji safi kinyume, kutoka upande wa maji yaliyochujwa kurudi nyuma, sehemu ya uchafu huo inatoka. Ndiyo kazi ya kile kipira au ile pompi ndogo inayokuja na filtre. Lakini kile kilichogandama ndani ya vitundu hakitoki kwa maji peke yake. Wataalamu wanatenganisha hayo mawili: uchafu unaorudishwa na maji, na uchafu usiorudishwa. Wa pili unajikusanya pole pole, mwezi kwa mwezi, na ndio unaoamua umri wa filtre. Hatuko peke yetu katika shida hii. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa filtre sita za nyumbani kutoka Honduras, Amerika ya Kati, zilizokuwa zimetumiwa miezi 23. Zilipofunguliwa maabarani na kutazamwa kwa darubini kali, utando ulionekana umefunikwa na uchafu. Zilikuwa chombo cha kweli, si cha uongo. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kinachojikusanya ndani na jinsi ya kukitoa mapema.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi uko karibu nasi, Tanzania. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, karibu na Arusha, kuna mto unaoitwa Maji ya Chai. Wenyeji waliupa jina hilo kwa sababu ya rangi yake, kabla maabara yoyote haijaupima. Eneo hilo lina pia shida ya floridi, inayoharibu meno na mifupa ikizidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa litre. Watafiti walichota maji ya mto huo kila mwezi kwa mwaka mzima, wakayapitisha kwenye utando wa namna mbili, na mwaka 2016 wakachapisha waliyoyaona.

Waliona kwamba mvua ndiyo inayotawala kila kitu. Baada ya mvua nyingi, mabaki ya viumbe yaliongezeka, na yalikuwa zaidi yale ya majani na miti, yenye lignini na tanini. Wakati wa kiangazi mabaki yalipungua kwa jumla, lakini ndani yake sehemu ya biopolima ilikuwa kubwa zaidi. Utando uliweza kuondoa kati ya asilimia 50 na 95 ya mabaki hayo, na matokeo yalibadilika kufuatana na majira. Wakaonya pia kwamba kwa kuwa mabaki mengine hubaki majini baada ya kuchujwa, na vijidudu vinaweza kuyala na kuzaana tena, maji ya namna hiyo yanafaa zaidi kuchujwa pale pale yanaponywewa kuliko kuwekwa muda mrefu au kusafirishwa kwenye mabomba.

Sasa unganisha hayo na jambo ambalo tafiti nyingine za utando zimeonyesha mara kwa mara: asidi za mboji hutoa rangi, lakini biopolima, zile zisizo na rangi, mara nyingi ndizo zinazoongoza kuuziba utando. Maana yake ni kwamba macho yetu yanatudanganya. Tunaogopa maji ya kahawia ya mwezi wa kwanza, tunayaamini maji meupe ya mwezi wa nane. Mama mmoja wa hapa aliniambia filtre yake ilikufa katikati ya kipwa, maji yakiwa meupe kabisa, na majirani wakamcheka kwamba hakuisafisha. Alikuwa anaisafisha. Wakati wa kipwa mto unapungua, jua linapiga, miani inakua kwenye mawe, maji hayatembei sana, na utelezi unakolea katika maji machache. Siwezi kusema kwa uhakika nini kiliiua filtre yake bila kuipeleka maabara. Lakini aliyemcheka kwa sababu maji yalikuwa meupe hakuwa na haki ya kumcheka.

Nimeona jinsi watu wanavyojaribu kuzifufua. Wengine wanasukuma maji kwa nguvu zaidi, na hapo uji ulio juu ya utando unashindiliwa na kuwa mgumu zaidi. Wengine wanaufungua na kuusugua kwa mchanga kama sufuria, na nyuzi zinachubuka. Wengine wanaianika juani ikauke kabisa, wakati tando za aina nyingi zikikauka baada ya kutumiwa haziwi tena kama zamani. Na kuna jambo baya kuliko yote, ambalo nimeliona kwa macho yangu: watu kuchukua sindano na kutoboa. Maji yanatoka mbio, nyumba nzima inafurahi, jirani anaomba naye atobolewe. Ndugu zangu, pale ambapo sindano imepita, mbuzi sasa anapita na ndama pia. Filtre iliyoziba haidanganyi mtu, inakataa kazi waziwazi. Filtre iliyotobolewa inadanganya, inakupa maji ya mto kwa jina la maji safi. Kati ya hizo mbili, iliyoziba ni heri mara mia. Kama filtre yako ya zamani imeanza ghafla kutoa maji mengi bila kusafishwa, usishangilie. Acha kuitumia mpaka ikaguliwe.

Kinachosaidia ni kuyatayarisha maji kabla hayajaufikia utando. Acha maji yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu kwa upole. Yapitishe kwenye kitambaa cha zamani kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa si kitu cha kudharau: huko Bangladesh, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa vitambaa vya sari vilivyokunjwa vilipata wagonjwa wa kolera pungufu kwa asilimia 48, kwa sababu vijidudu vya kolera hupenda kujishika kwenye viumbe wadogo wa majini, na hao hukamatwa na kitambaa. Lakini kitambaa peke yake hakitoshi, na chai iliyoyeyuka kinaiacha ipite.

Ili kuikamata chai hiyo, mashirika ya maji hutumia sulfati ya alumini, ndugu wa shabu inayouzwa sokoni. Ikiingia majini inashikanisha udongo na sehemu kubwa ya asidi za mboji kuwa madonge yanayozama. Kipimo chake kinategemea maji ya siku hiyo, kwa hiyo ni kazi ya komite yenye mtu aliyefundishwa, si ya kila mtu kukisia jikoni. Wengine wananiuliza habari za mbegu za moringa. Ni kweli zinasafisha matope vizuri. Lakini mbegu iliyosagwa huacha protini na mafuta yake majini, yaani inaongeza mabaki ya viumbe yaleyale tunayokimbia. Ukitumia moringa halafu ukapitisha maji hayo kwenye utando, unatoa adui mmoja na kumwingiza mwingine. Makala nayo yana uwezo wa kushika mabaki hayo, lakini yale yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yaliyopikwa upya kwa joto kali na mvuke ili yawe na vitundu vingi ndani. Makala ya kupikia bukari hayana nguvu hiyo.

Kwa filtre yenyewe, sukuma maji safi kinyume kila siku kabla ya kulala. Usingoje ianze kuchoka, maana uchafu wa siku moja unatoka, wa mwezi mmoja umeshazoea nyumba. Utelezi na chai iliyogandama hulegezwa na javeli iliyozimuliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya filtre hiyo, kwa sababu tando hazifanani na nyingine haziivumilii. Chokaa hulegezwa na siki. Kamwe usichanganye javeli na siki katika chombo kimoja, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Maji yaliyochujwa yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko na yanywewe mapema, kama watafiti wa Maji ya Chai walivyoonya.

Hapa naomba niseme neno kuhusu klori, kwa sababu mtu anaweza kusoma juu ya mabaki haya akaanza kuiogopa. Mwaka 1974 mtaalamu Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alionyesha kwamba klori ikikutana na mabaki ya viumbe huzaa vitu vipya, kama kloroformu, ambavyo vikizidi kwa miaka mingi si vizuri kwa mwili. Tangu hapo nchi nyingi zimeweka vipimo, na zinajitahidi kuondoa mabaki hayo kabla ya kutia klori. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuua vijidudu kusiachwe kwa sababu ya kuogopa vitu hivyo. Kolera inaua leo jioni. Jambo la kukumbuka ni kwamba maji ya rangi ya chai hula klori: dozi iliyotosha maji meupe inaweza isitoshe maji hayo. Ndiyo sababu nyingine ya kuyatayarisha kwanza.

Kuna pia njia moja iliyonifurahisha kwa sababu haipigani na uchafu, inakaa nao. Taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, iligundua kwamba ukiuacha utando ufanye kazi kwa uzito wa maji tu, tanki likiwa nusu metre hivi juu yake, bila pompi na bila kusukuma kinyume, maji hupungua mwanzoni kama kawaida, lakini baadaye hayaendelei kupungua. Hutulia kwenye litre 4 hadi 10 kwa saa kwa kila metre ya mraba ya utando, na huendelea hivyo kwa miezi mingi. Sababu ni kwamba ndani ya ule utelezi viumbe wadogo wanaishi, wanakula mabaki ya viumbe na kuchimba njia, na tabaka linabaki na matundu badala ya kuwa gumu. Njia hiyo imejaribiwa Kenya na Uganda. Piga hesabu: metre moja ya mraba ni litre 96 hadi 240 kwa siku, yaani bidoni karibu 5 hadi 12. Si nyingi, lakini kwa kituo cha afya au shule, na bila umeme, si haba.

Tukiacha vyombo, kuna kazi iliyo mikononi mwetu bila kungoja mtu. Tunaloweka mihogo mtoni kwa siku kadhaa ili ilainike, na kila mmoja wetu anajua harufu ya maji hayo. Wanga, uchachu na vijidudu vyote vinateremka na mkondo. Sisemi tuache kuloweka mihogo, bila hiyo hatuli. Nasema mashimo ya mihogo yawe chini ya mahali pa kuchota, si juu yake. Vivyo hivyo kwa kufulia na kwa mifugo. Na mafunjo tusiyafyeke yote kwa kudhani ndiyo yanayotia rangi. Yanazuia udongo na kulinda kingo. Tusogeze mahali pa kuchotea mbali na maji yaliyosimama, au tujenge vizuri chemchemi, kwa sababu maji yaliyopita ardhini mara nyingi huacha chai yake nyingi kwenye udongo.

Sehemu ya pili ya kazi ni kuuliza maswali. Filtre nyingi zilizoko hapa zililetwa na shirika moja lililokuja wakati wa kipwa, likafundisha kwa nusu siku, likapiga picha, likaenda. Nia ilikuwa nzuri, na siku zile watu walikunywa maji mazuri. Lakini maji yetu hayakupimwa wakati wa masika. Karatasi za maelezo zilikuwa kwa lugha ambayo mama wengi hawasomi. Hakuna aliyeachiwa nyuzi za kubadilisha wala namba ya kupiga. Halafu chombo kilipokufa, lawama iliwaangukia wanawake, kwamba hawakujua kutunza.

Nimependekeza kwa wazee na kwa komite ya maji jambo dogo: kuwe na daftari moja. Kila nyumba yenye filtre iandike ilipewa lini, inasafishwaje, na bidoni moja inachukua muda gani kujaa, mara moja kwa mwezi. Saa ya simu inatosha. Baada ya masika moja na kipwa moja tutajua maji yetu yanaziba utando mwezi gani, na kwa haraka gani, kuliko mgeni yeyote anavyojua. Na shirika jingine likija na masanduku mapya, tulipokee kwa heshima, tulipe kiti na maji ya kunywa, kisha tufungue daftari na kuliuliza: filtre hizi mlizijaribu kwa maji ya mwezi gani?